Jinsi ya kuzunguka nchi za watu na familia nzima bila kurudi mmenuniana

Safari yetu ya kwanza ya nchi nyingi tulipanga nchi tano kwa siku 14. Kwenye karatasi ilipendeza sana, kila siku na mji wake, mume wangu alitengeneza jedwali la rangi rangi kabisa. Siku ya sita tuko stesheni ya treni Italia, kitindamimba amelala sakafuni kagoma kunyanyuka, mkubwa ananiuliza "mama leo tuko nchi gani", na mi mwenyewe ikabidi nifikirie kwanza ndo nijibu. Hapo nikajua tumekosea hesabu, na kosa halikuwa la watoto.

Tangu siku hiyo tumeenda sehemu nyingi tu na hao watoto watatu, mara mbili tumeenda na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua, na karibu yote ntakayoandika hapa yanatoka kwenye jambo moja: familia inatembea kwa mwendo wa yule anayechoka mapema kuliko wote. Awe mtoto wa miaka mitatu, awe bibi wa miaka sabini. Ukipanga kwa mwendo wako wewe utalipa tu, kama sio kwa hela basi kwa vilio.

Anza kwa kupunguza

Kila mnapohama mji mmoja kwenda mwingine mnakula siku nzima, hata kama unajiambia treni ni masaa matatu tu. Hesabu vizuri: kufunga mizigo, kutafuta kiatu kimoja kilichoingia uvunguni, kutoka hotelini saa nne, kufika stesheni, safari yenyewe, alafu mkifika chumba hakijawa tayari maana hoteli nyingi zinakupa funguo saa tisa mchana, watoto wana njaa, mnakula, mnaingia chumbani, jua limeshazama. Kwa hiyo siku 14 ukihama mara tano zimebaki tisa, toa ya kufika na ya kuondoka zimebaki saba, na kati ya hizo saba lazima mtu mmoja ataumwa tumbo siku moja. Ndo hesabu yenyewe hiyo.

Sisi sahivi wiki mbili ni nchi mbili, zikizidi tatu na ziwe zimepakana, na hatulali mji wowote chini ya mara nne. Watu wananiambia mbona mnaenda mbali hivyo alafu mnaona vitu vichache, mi nawajibu tunaviona kweli.

Namna ya kuchagua: kila mtu anataja kitu kimoja tu anachokitaka kuliko vyote, hata mdogo. Safari moja mkubwa alitaka mifupa ya dainosa, wa kati alitaka kupanda ile treni ya kasi ya Japan, mama mkwe akasema yeye anataka kukaa sehemu anaona bahari na asiambiwe tunyanyuke. Ukiwa na hivyo vitu vitano sita mkononi unajua nini hakiguswi na nini kinaweza kukatwa mambo yakiharibika. Bila hivyo kila kitu kitaonekana cha lazima na mtakimbizana mpaka mwisho.

Angalia na majira, wengi wanaangalia bei ya tiketi tu. Dubai mwezi wa saba joto linapita nyuzi 40, mtoto hatembei hapo mchana. India mvua za monsuni ni kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa kwa sehemu kubwa ya nchi. Kusini mwa dunia mambo yamegeuka, Desemba ni kiangazi Australia na New Zealand wakati Ulaya watu wanatetemeka, kwa hiyo ukiunganisha sehemu hizo mbili kwenye safari moja jua umejitwika makoti ya watu watano kwa ajili ya siku nne za baridi. Na Japan mwishoni mwa Aprili mpaka siku za kwanza za Mei sikukuu zao zimefuatana, nchi nzima iko barabarani, hoteli zimejaa na treni zimejaa.

Makaratasi, hapa ndo usiwe mvivu

Ntakaa hapa kidogo maana hapa ndipo safari nyingi zinapofia, tena zinafia kaunta ya ndege kabla hamjapaa.

Pasipoti ya mtoto nchi nyingi inatolewa kwa miaka 5 wakati ya mtu mzima ni 10. Maana yake zenu zinaweza kuwa nzima kabisa na ya mtoto imeshazeeka. Alafu nchi nyingi haziangalii kama pasipoti bado inafanya kazi, zinaangalia kama imebakiza miezi 6, na nyingine zinahesabu miezi hiyo kuanzia siku unayoondoka kwao sio unayoingia. Sisi yametukuta. Tumefika na mabegi yetu saa kumi alfajiri, watoto wamevaa vizuri, dada wa kaunta akachukua pasipoti ya wa kati akahesabu miezi kwa vidole mbele yetu: mitano. Akatuangalia kwa huruma kweli lakini hatukupanda. Hela ya tiketi ilirudi nusu, ile nusu nyingine ndo ilikuwa ada ya shule yangu mimi. Sasa hivi kabla sijafungua tovuti yoyote ya tiketi naziweka pasipoti zote mezani naziandikia tarehe kwenye karatasi moja nabandika ukutani.

Viza. Kama mna mpango wa Ulaya, nchi 29 zinatumia viza moja ya Schengen, ndo maana kwa familia ni rahisi kuunganisha pale. Uingereza na Ireland hazimo, wengi wanajichanganya hapo. Maombi unapeleka ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana unapeleka kwa ile mtakayoingia kwanza. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila usije ukasubiri hizo 15, miezi ya likizo nafasi za miadi zinaisha kama maji ya mgao. Bima ya safari lazima iwe inalipia matibabu yasiyopungua euro 30,000 kwa kila mtu, hata kichanga. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi ada ya viza, ila fomu yake anajaziwa kama mtu mzima na mara nyingi wazazi wote wawili mnasaini. Na siku zenu ni 90 ndani ya kila siku 180 kwa nchi zote kwa pamoja, sio 90 Ufaransa alafu 90 nyingine Hispania, nimeona watu wazima wakibisha hilo.

Kuna kitu kingine kinaitwa kupita tu. Mtu anaona tiketi ya bei nzuri inapitia Marekani kubadili ndege anasema si tunapita tu hatutoki eapoti. Marekani haina kupita tu, hata kama mnakaa masaa mawili mnapitia uhamiaji kama wanaoingia, kwa hiyo kila mmoja wenu lazima awe na viza au kibali chao. Nchi nyingine nazo zina masharti yao ya kupita kulingana na pasipoti uliyonayo. Soma kabla ya kulipa, sio baada.

Sasa kwa mama wenzangu ambao jina lenu la ukoo halifanani na la watoto, na kwa yeyote anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzie: beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na barua ya mzazi aliyebaki iliyogongwa muhuri wa mwanasheria, iwe na tarehe za safari, nchi, namba za pasipoti na namba ya simu inayopokelewa. Afrika Kusini mwaka 2015 walianza kudai cheti kamili cha kuzaliwa kwa kila mtoto, baadaye wakalegeza, lakini ofisa yeyote wa uhamiaji duniani ana haki ya kukuuliza huyu mtoto ni wa nani. Mimi nimeulizwa mara tatu. Mara moja walimuuliza mtoto mwenyewe, "huyu ni nani yako?", na kitindamimba akiwa amenikasirikia kwa sababu ya biskuti akajibu "simjui". Acha tu. Ile barua ndo ilituokoa.

Chanjo ya homa ya manjano ifanyeni mapema kama njia yenu inagusa nchi zinazoidai, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, ukichomwa wiki ya safari umechelewa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kichanga chini ya miezi 9 kwa kawaida hachomwi, huyo muone daktari akuandikie.

Vyote hivyo piga picha, weka kwenye simu mbili tofauti, tuma kwenye barua pepe yako, na chapisha nakala moja ya karatasi. Simu huzima chaji mbele ya ofisa, karatasi haizimi.

Ndege

Mtoto chini ya miaka 2 anakaa mapajani na tiketi yake ni ndogo, ila akitimiza miaka 2 katikati ya safari mashirika mengi yanataka awe na kiti chake wakati wa kurudi. Hilo hawakukumbushi. Kile kitanda cha kuning'inia mbele cha kichanga kipo kwenye viti vya mstari wa mbele vinavyotazama ukuta tu, viko vichache, kina kikomo cha uzito, na kinaombwa kwa simu, usidhani ukifika utapewa.

Jina kwenye tiketi liwe herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti. Viti chagueni mapema mkae pamoja, na kama shirika linatoza hela ya kuchagua viti bas lipia cha mtu mzima mmoja na mdogo, wakubwa watakaa viti vitatu mbele au nyuma na watafurahi kweli kuwa mbali na nyie.

Kuhusu muda wa kubadilisha ndege: lisaa limoja na nusu ambalo mtu peke yake anaona linatosha, familia haitoshi. Mmoja ataomba kwenda chooni wakati mlango unafungwa. Sisi hatushuki masaa matatu. Nikipata safari ya usiku naichukua, watoto wanalala, mi silali lakini ndo maisha.

Maji na losheni kwenye begi la mkononi ni chupa za mililita 100 kwa viwanja vingi, ila maziwa na chakula cha mtoto vinaruhusiwa kuzidi, unavitoa tu unawaonyesha. Pawabanki zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe sio kwenye begi linaloenda chini, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ile iliyoandikwa mAh 20,000 inakuwa kama wati-saa 74, iko salama. Chupa ya kunyonya au pipi wakati ndege inapaa na inaposhuka, masikio yanazibuka kwa kumeza. Nguo za kubadilisha chukua na za kwako, wote wanakumbuka za mtoto, akitapika anamtapikia nani?

Saa za mwili

Mkivuka masaa mengi mwili unabaki kule mlikotoka, na inachukua kama siku moja kwa kila lisaa mlilovuka mpaka ukae sawa. Kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi kwa sababu unalazimisha mwili ulale kabla haujataka. Watoto wataamka saa tisa za usiku wana njaa na wana nguvu, msigombane nao, wekeni vitafunwa na kitabu cha kuchora karibu, taa ndogo, sauti chini. Asubuhi watoeni nje wapigwe na jua, jua ndo linarekebisha hiyo saa kuliko dawa yoyote. Siku ya kwanza na ya pili msinunue tiketi ya kitu chochote chenye saa maalum. Bustani, sehemu ya kubembea, duka la karibu, inatosha, kwanza mtashangaa watoto wanakumbuka hiyo bembea kuliko mnara.

Mizigo

Nguo za siku sita kila mtu, mnafua. Basi. Kila mtoto kuanzia miaka mitano anabeba kibegi chake mwenyewe na anajua akikijaza mawe ya ufukweni atayabeba yeye.

Kigari cha mtoto ndo mjadala. Tokyo kitakufaa, stesheni nyingi zina lifti. Paris metro ni ngazi kwa ngazi, stesheni nyingi za zamani hazina lifti kabisa. Venice ina madaraja zaidi ya 400 na mengi ni ya ngazi, tulibeba kigari kama machela mume wangu mbele mi nyuma, watalii wakatupiga picha. Mji wa namna hiyo beba mtoto mgongoni, au chukua kile kigari chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja.

Ukiwa Japan na masutikesi makubwa, kuna huduma ya kutuma mabegi kutoka hoteli moja hadi nyingine, unaacha mapokezi leo na kwa kawaida unayakuta kesho, nyie mnapanda treni na kibegi cha mgongoni. Hela niliyowahi kutumia bila majuto ni hiyo. Tena huko watoto wa miaka 6 mpaka 11 treni wanalipa nusu, na walio chini ya hapo wasiochukua kiti hawalipi.

Pa kulala

Nyumba yenye jiko na mashine ya kufulia inashinda hoteli nzuri ukiwa na watoto, sio kwa bei tu, kwa akili yako. Chumba kimoja cha hoteli mtoto akilala saa mbili usiku nyie wazazi mnakaa gizani mnaangalia simu mpaka mlale. Kabla ya kulipa muulize mwenye nyumba maswali matatu: ghorofa ya ngapi na kuna lifti? Vitanda viko vingapi na ni vitanda kweli au kochi? Na usiku pana kelele? Picha hazisemi haya. Kuna nyumba moja tulifika ghorofa ya tano hakuna lifti, mama mkwe akapanda taratibu akafika juu akasema "mwanangu, mimi hapa sishuki mpaka tunarudi", na kweli siku mbili hakushuka. Kosa langu, sikuuliza.

Siku yenyewe inakwendaje

Jambo moja kubwa asubuhi. Chakula. Kupumzika chumbani masaa mawili, hata wakubwa. Jioni kitu kidogo kisicho na tiketi. Hivyo tu, na mkiweza kufanya hivyo siku kumi mmefanya mambo makubwa kumi.

Hilo jambo kubwa nunua tiketi yake mtandaoni mapema yenye saa ya kuingia. Makumbusho ya Louvre kule Paris inafungwa Jumanne, usije ukapeleka familia siku hiyo, na walio chini ya miaka 18 wanaingia bure. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, yule binti aliyeandika shajara akiwa amejificha wakati wa vita, tiketi ni za mtandaoni tu, mlangoni hawauzi. London mambo ni mepesi zaidi, British Museum na ile makumbusho ya viumbe ya Natural History yenye dainosa maonyesho yao ya kudumu ni bure, Washington nako makumbusho za Smithsonian ni bure, na faida ya bure sio hela tu, ni kwamba mtoto akichoka baada ya dakika arobaini mnatoka bila uchungu wa tiketi. Makumbusho na mtoto ni lisaa limoja na nusu mwisho. Chagueni vitu vitano mkaone, mkiviona tokeni. Kuzunguka vyumba vyote ni kujitafutia ugomvi.

Wape kazi. Wa kwetu mkubwa ndo anasoma ramani ya treni, akikosea tunapotea wote na hatumsemi. Wa kati anashika bajeti ya vitafunwa ya siku, hela halisi mkononi, na tangu apewe hiyo kazi amekuwa bahili kuliko baba yake. Mdogo kazi yake kuhesabu watu kila tukipanda na kushuka. Na kila mmoja ajue kusema shukrani, samahani na choo kiko wapi kwa lugha ya pale, hilo la choo lianze.

Alafu wekeni siku ya kutofanya kitu kila baada ya siku tatu nne. Siku hiyo hakuna kuamshana. Mume wangu mwanzoni aliona ni hasara, "tumelipa nauli yote hii tukalale?" Sahivi ndo yeye anaikumbusha.

Afya

Mwinuko usidharau. Cusco kule Peru iko kama mita 3,400, La Paz Bolivia kama 3,600, na shida inaweza kuanza kuanzia mita 2,500. Ukitua na ndege moja kwa moja kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi haupatikani. Mtoto mdogo hawezi kukwambia kichwa kinamuuma, yeye atakataa chakula na kulialia tu. Ujanja wa Peru ni kushuka kwanza mkalale lile bonde la chini ya Cusco linaloitwa Sacred Valley, Machu Picchu yenyewe, yale magofu wanayoyafuata watu wengi, iko mita 2,430 tu, alafu Cusco mkaiweka mwisho. Dalili zikizidi dawa ya kweli ni kushuka chini, sio kuvumilia kwa sababu mmelipia.

Kuharisha ndo ugonjwa mkuu wa safari. Beba paketi za ORS, zikiisha chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi, mnywesheni kidogo kidogo. Damu kwenye choo, homa kali au mtoto hakojoi, nenda hospitali usisubiri asubuhi. Kwenye malaria ulizeni daktari dawa za kinga wiki kadhaa kabla, nyingine zinaanzwa mapema. Na wale nyani wa kwenye mahekalu Asia watoto wanaowapenda, wasiwaguse, waking'atwa au kukwaruzwa oshweni kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15 na siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Dawa zenu zibaki kwenye maboksi yake na cheti cha daktari. Nyingine za kawaida kwako ni marufuku kwa wenzio: Japan hawataki dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi, Umoja wa Falme za Kiarabu dawa za maumivu zenye codeine zinahitaji kibali. Na vyakula, Australia na New Zealand hawana mchezo, chochote cha kuliwa kitangaze kwenye fomu. Tofaa lililosahaulika kwenye kibegi cha mtoto New Zealand ni faini ya papo hapo dola 400 za kwao. Tulivyofika tulitangaza mpaka biskuti zilizovunjika, kaka wa forodha akacheka akatupitisha, lakini tulipita.

Hela

Kadi mbili za benki tofauti, kila mmoja wenu abebe moja, msiweke zote pochi moja. Mashine ikikuuliza ulipe kwa hela ya kwenu au ya pale, chagua ya pale kila mara, ile nyingine wanabadilisha kwa bei yao. Kubadilisha hela eapoti badilisha ya usafiri wa siku moja tu.

Ukikodi gari, kiti cha mtoto ni sheria: Uingereza mpaka miaka 12 au sentimita 135, Ujerumani mpaka 12 au sentimita 150. Na upande wa barabara angalieni hata mnapotembea kwa miguu, mtoto aliyezoea kuangalia kulia kwanza atavuka vibaya kule wanakopita upande mwingine. Sisi kila nchi mpya tunasimama barabara ya kwanza tunajizoeza kama mazoezi ya shule, tunaonekana vichaa, sawa.

Yakiharibika

Kila asubuhi piga picha ya watoto wote na nguo walizovaa. Mtoto akipotea umepigwa na bumbuwazi hukumbuki hata shati lake lilikuwa rangi gani, picha inakumbuka. Namba yenu ya simu iandikwe kwa kalamu ndani ya mkono wa mdogo, ikianza na msimbo wa nchi. Wakubwa wanajua sheria moja: ukitupoteza, simama hapo hapo, sisi ndo tunarudi. Namba ya dharura Ulaya ni 112, Marekani 911, Japan polisi 110 na ambulensi 119.

Begi likipotea usitoke eapoti bila kuandikisha na kupewa karatasi yenye namba. Likija limevunjika una siku 7 kulalamika kwa maandishi, likichelewa ni 21 tangu ulipokabidhiwa, hiyo iko kwenye mkataba wa Montreal wa 1999. Ndege inayotoka Umoja wa Ulaya ikiwafikisha mmechelewa masaa matatu au zaidi na sababu ni ya shirika lenyewe, sio hali ya hewa, sheria yao ya mwaka 2004 inawapa fidia euro 250 hadi 600 kwa kila abiria kulingana na umbali, sasa zidisha kwa watu watano. Tunzeni bodingi pasi mpaka mdai.

Na nyie wazazi mtagombana. Kwa kawaida ni siku ya nne au ya tano, kwa kawaida ni njaa, na kwa kawaida ni juu ya ramani. Sisi tuna mapatano kwamba kila siku moja mmoja wetu anapata masaa matatu peke yake, anaenda anakokwenda haulizwi, na yule mwingine anabaki na watoto bila kutuma ujumbe wa "uko wapi". Mara ya mwisho mume wangu alirudi kutoka kwenye masaa yake matatu nikamuuliza ameona nini, akasema alikaa kwenye benchi la bustani akalala.